Mkono Niliouvulia Glavu

Jambo hili sijawahi kulisimulia mbele za watu, kwa sababu mimi si msemaji. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini mama yangu yu mzima, yuko hapa Aston, na ukienda atakuonyesha komeo la mlango.

Kwanza ujue habari ya mlango huo. Tangu tufike hapa Birmingham, Uingereza, kutoka Kongo, mama hakuwahi kuufunga usiku. Baba alipotea siku tuliyokimbia vita. Alikuwa nasi njiani, akarudi nyuma, hatukumwona tena. Mimi nilikuwa na miaka minne. Mama alisema, "Akifika usiku, agonge mpaka lini na baridi hii?" Wezi waliingia mara mbili. Bado hakufunga.

Nilipotimiza miaka kumi na saba, kituo cha vijana kilitupeleka, vijana wanane, katika mji mdogo kaskazini kabisa mwa Norway, tukaone wanyama wa theluji na zile taa za angani. Rafiki yangu Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi, alianza kunitania tangu kituo cha mabasi cha Digbeth: "Huyu hata dubu akimshika atasema sori."

Kule, majira ya baridi, jua halichomozi. Saa tisa mchana ni giza tupu. Mwenyeji wetu alituonya jambo moja tu: tukiwa nje tusivue glavu. Siku ya pili alitupeleka kwenye zizi la wale wanyama wenye pembe kama matawi makavu. Mara anga likawaka kijani, likapepea kama kitenge kilichoanikwa penye upepo. Wenzangu wote wakatazama juu. Wanyama hawakutazama juu. Waligeuza vichwa upande mmoja, nyuma yangu.

Nikageuka. Kando ya ua alisimama mwanamume mwenye shati la mikono mifupi na kandambili. Utaniuliza, mbona hukukimbia? Alikuwa mtu mzima na alininyooshea mkono. Mimi nimelelewa hivyo, mkubwa hapewi mkono uliofunikwa. Nikavua glavu, nikampa mkono.

"Jambo, papa," nikasema, kama kwetu tunavyomwita kila mwanamume mzima.

"Jambo, mtoto wangu. Umekuwa mrefu."

Hapo ndipo nilipoona. Mimi nikisema neno, mvuke ulinitoka mdomoni. Yeye hakutoa mvuke hata kidogo.

"Umwambie mama yako, mlango nilifunga. Na yeye afunge wake."

Niamini, niliona haya kumwuliza jina. Abdi akaniita, nikageuka, na niliporudisha macho hapakuwa na mtu. Kwenye theluji zilikuwepo nyayo zangu tu.

"Unasalimia nani we, hao mbuzi?" Abdi akauliza. Akaokota glavu yangu, akanishika mkono anivishe. Hakutania tena siku hiyo.

Niliporudi Birmingham, nilimkuta mama jikoni akisonga bugali. Alinipa mkono, kisha hakuuachia wangu. "Weye mtoto, mbona mkono yako iko baridi hivi?" Nikamweleza yote huku nikitazama sakafu. Nilipofika kwenye maneno ya mlango, mwiko ukamwanguka.

Mpaka siku hiyo hakuwa ameniambia kwa nini baba alirudi nyuma; sasa akanieleza. Siku ile njiani, yeye ndiye aliyemwuliza kama alifunga mlango wa nyumba. Baba akasema hakumbuki. Mama akamwambia, "Rudi ufunge." Miaka kumi na mitatu alibeba maneno hayo peke yake.

Akaokota mwiko, akamaliza kusonga, tukala. Kisha akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akavuta komeo. Ndipo akaketi palepale chini, akalia mpaka asubuhi. Kesho yake alivaa nguo za msiba.

Mkono wangu wa kulia haujapata joto mpaka leo. Daktari ameupima, haoni ugonjwa. Kalamu huniteleza, na ukurasa huu umenichukua wiki nzima.

Wewe unayesoma, ukifika nchi za theluji ukakutana na mtu anayesema bila mvuke, msalimie kwa mdomo. Usivue glavu. Lakini akikupa ujumbe, usiulalie, hata kama huuelewi. Huenda kuna mlango uliokaa wazi miaka mingi kwa ajili yake.