Kumuzungukia kwa Mbele

Siku moja baba yangu alisahau kiko yake ya tumbaku mu nyumba, na mimi naanzia pale, ata kama ile kiko haina kazi na habari yenye nataka kuandika. Nilikuwa na miaka sita ao saba. Tulikuwa tunakaa mu milima, upande wa Lubero, fasi yenye baridi inauma masikio paka saa ine ya asubui. Baba alibeba kitunga ya viazi, akatoka mu lupango, akashika njia ya soko. Nyuma yake mama akaona kiko kwa dirisha. Hakuita. Kwetu, mutu akisha kutoka kwa safari na kukupa mugongo, haumuite tena. Ukimuita atageuka, na akigeuka, mabaya yenye ilikuwa inangojea mutu mwengine kwa njia inamujua uso. Ni bile bazee balitufundisha, na mimi sikuuliza sababu. Batoto ba zamani tulikuwa tunauliza chakula tu.

Mama akashika kiko, akapandisha kitenge, akapita mbio mu shamba ya maharagwe ya jirani, akavuka mugezi, akatokea kule mbele, fasi njia inazunguka kilima. Mimi nilimufuata na kikohozi. Baba akafika, akamukuta amesimama pale sawa mutu anatoka soko. Mama akamusalimia, akamuambia ameokota kiko kwa njia, pengine ni yake. Baba akaiangalia, akaijua, akapokea kwa mikono mbili sawa mutu anapokea kwa mugeni. Akasema wasingya, ni asante ya kwetu, akaenda. Bibi na bwana, na bote bawili hapana kucheka. Mama alicheka nyumbani, paka akakaa chini.

Sasa shule niliacha mu mwaka ya tatu, na mikono yangu ikajua sindano kupita kalamu. Nilishuka Butembo nikiwa kijana, nikakuwa mushona-viatu. Fasi yangu ilikuwa chini ya baraza ya duka moja, pale njia ya Manguredjipa inaachana na njia kubwa. Mutu mwenye kukaa chini anajua muji kwa miguu. Nilijua nani ameoa, nani amefilisika, nani anatoka musitu, mbele sijaangalia uso. Na sababu kinywa yangu haikujua kupumuzika, batu balikuwa bananiita kwa harusi na kwa matanga, niseme hadisi. Kwa matanga balikuwa bananipenda zaidi. Sijue kama ni sifa.

Juu ya baraza yangu, mu chumba ya mabati, kulikuwa mwanaume moja mwenye kuonyesha vidéo. Nitamuita rafiki. Majina ya batu siandike. Bengine bangali hai, na bengine hatujue. Rafiki alikuwa na groupe ya mafuta ya kuleta umeme, na televizio, na machine moja ya jeu, muchezo ya mu televizio, yenye mufanyabiashara mumoja alitoa ngambo. Batu balikuwa bakilipa kucheza mupira na kupigana. Yeye mwenyewe alipenda kaseti moja tu. Mu ile kaseti bijana batatu banaingia mu mulango ya mwangaza, banaenda mu wakati ya bankambo, bazee ba zamani, kisha mu wakati yenye haijafika, banakuta dunia imeungua, donc banarudi nyuma kutengeneza fasi iliharibikia. Maandishi yote ilikuwa ya kwao benye kuitengeneza kule mbali, sawa nyayo za kuku mu majivu. Hakuna mwenye kuisoma. Rafiki alikuwa anatafsiri kwa akili yake, na kila juma ilikuwa tafsiri ingine.

"Juzi huyu muzee ulisema ni mufalme," nilimuambia siku moja. "Leo amekuwa mupika pombe ya kasiksi?"

"Muzee, mutu anaangukaka."

Alikuwa na mudogo wake, mwenye kubeba sabuni na chumvi na mawe ya radio, anapeleka kwa bachimba-zahabu kule Manguredjipa. Vita ya pili ya inchi yetu ilikuwa imefika, na camion zilikuwa zinapita leo, kesho hapana, basi mara mingi alikuwa anaenda na miguu. Kijana wa kuchokoza batu. Asubui moja alipita mbele yangu na muzigo kwa mugongo, na botte zenye nilikuwa nimemushonea jana yake. Akapiga chini kisigino.

"Muzee, uzi yenu ni nguvu. Serikali zitapita, uzi itabakia."

Nikamujibu aende na serikali yake kule. Akaenda. Hakurudia.

Koti yake ilibakia kwa musumari mu chumba ya kaka yake. Rafiki aliiona, akaishika, akatoka kwa mulango, mais mudogo alikuwa amekwisha kufika kwa kona, na mugongo yake ilikuwa kwetu. Rafiki akasimama na koti mu mukono. Hakuita. Tulilelewa namna moja. Juma tatu zikapita, kisha miezi. Batu ba musitu bakafika, moja akisema hivi, mwengine akisema vile, na hakuna aliona mwili. Mutu hapana kulia mwenye mwili haikuonekana, na hapana kucheka pia. Rafiki alikuwa ananiambia kila mara neno moja: kama ningemuita, angerudi kuvaa, na ile wakati kidogo ya kuvaa ingeacha mabaya ipite. Wakati ya kuingiza mikono miwili mu koti, muzee. Nilikuwa ninamuitikia na kichwa. Mutu ashike hiyo: nilikuwa ninamuitikia na kichwa.

Basi baaskari bakafika saa sita ya muchana, bakapakia groupe. Televizio bakaiacha, sababu mukubwa wao alisema ya kwake ni kubwa kupita ile. Bila groupe hakuna jeu. Rafiki akalaza televizio uso chini, akatandika nappe ya kitambaa juu, ikakuwa meza. Akasema tutafanya jeu yetu, ya kucheza na kinywa. Sawasawa na ile ya kaseti, mais ya kwetu, na batu ba kwetu. Kila mutu atakuwa mutu moja mu hadisi, atasema anafanya nini, na mumoja ataongoza. Nguvu za mutu tutahesabu na mbegu za mahindi. Mimi nilikata dé, dadu za kutupa, mu raba ya sapato nzee, nikachoma matundu na sindano ya moto. Zilikuwa zinaruka vibaya, mais zilikuwa zetu.

Wa tatu alikuwa metresi moja, jirani, mwenye kufundisha mwaka ya tano. Shule yake ilifungwa, baaskari balikuwa banalala mu madarasa. Alileta kaye ya kuandika na chaki na hamu ya sheria. Alikuwa anasema jeu bila sheria ni fujo ya soko. Tulikuwa tunakutana siku ya Mungu kisha ibada, wao banatoka kwa Baprotestanti, mimi natoka misa, na tulikuwa tunabishana kupita bachungaji.

Adui tulimupata haraka: mududu mwenye kula njia. Kila mwaka anakula kipande ya njia, na bijiji bya huku na huku banasahauliana paka majina. Wakati ya kwanza tuliweka bankambo, pale balivuka Semliki na mbuzi zao. Wakati ya pili, ya bazungu na mashamba yao ya kahawa. Kwa wakati yenye haijafika ndipo tuligombana. Metresi alitaka lami paka Manguredjipa, na moto ya umeme mu kila nyumba. Mimi nilitaka kila mutu akuwe na viatu vya ngozi, metresi akasema papa, hiyo si hadisi, hiyo ni biashara yenu. Rafiki alisema tuache ile ukurasa mweupe.

Mimi ndiye nilipewa kupanga hadisi, wao banaandika. Na nasema kweli, ile miezi ilikuwa mizuri. Kule Beni na kwa njia ya Beni batu balikuwa banakufa, tulikuwa tunasikia, na sisi tunapanga mududu analala wapi.

Siku moja rafiki akaweka kidole kwa kaye. Akasema anataka mulango ya ine, mulango mudogo. Haiende kwa bankambo. Inaenda kwa asubui moja tu, kwa kona hii, na muchezaji anakuta kijana anaenda na koti yake imebakia.

Nilikataa. Nikasema mulango iwe, sawa, mais sheria ni hii: mutu mwenye kutoka wakati ingine anaweza kuona, hapana kuita. Desturi ni desturi, ata mu jeu. Niliongea sana, nikaleta na bankambo. Metresi akauliza: mulango ya kuona tu, inasaidia nini? Nikatoa hadisi ya kiko. Nilitaka bacheke. Nikaonyesha mama na kitenge yake mu maharagwe, baba na mikono yake mbili. Metresi alicheka. Rafiki hakucheka. Alichukua kalamu, akaandika polepole: *Hauwezi kumuita. Unaweza kumuzungukia kwa mbele.* Akaniuliza kama ni bile. Nikasema ni bile.

Siku ya Mungu yenye ilifuata tulijaribu ile mulango. Metresi alikuwa muchezaji, rafiki anaongoza. Alisema: umefika kwa kona, ni asubui, ukungu. Kuna duka, kuna baraza. Chini ya baraza kuna mushona-viatu. Akanigeukia.

"Muzee, huyu mutakuwa nyinyi mwenyewe."

Metresi akatupa dé, akaniuliza, na sauti ya jeu, kama nimeona kijana na muzigo. Nikasema nimemuona. Akaniuliza njia iko namna gani. Sasa mu jeu mutu anaweza kusema anachotaka. Ningesema njia ni nzuri, tungeendelea. Mais ile siku niliangalia mbegu za mahindi mbele yangu, na kinywa yangu yenye haijuake kupumuzika ikaenda yenyewe.

Nikasema asubui ile kulikuwa mwanamuke moja mbele yangu, anatoka njia ya Manguredjipa, sapato yake imekatika. Alikuwa amelala mu shamba. Wakati ninashona, kijana akapita, akachokoza, akaenda. Hapo ndipo yule mama akasema batu banasimamishwa kule mu musitu, na bengine habarudi. Nikainua kichwa.

"Alikuwa amefika wapi?" rafiki akauliza. Haikuwa tena sauti ya jeu.

"Hatua kumi. Pengine kumi na mbili."

"Na mugongo?"

"Kwangu."

Metresi akafunga kaye, akaangalia mikono yake. Mwaka muzima na zaidi rafiki alikuwa anabeba koti yenye uzito ya mwaka muzima, na mimi nilikuwa namuitikia na kichwa. Nilingoja anitukane. Aliokota mbegu moja moja, akazirudisha mu kopo.

"Basi haikuwa koti," akasema.

Kesho yake alishuka kwa baraza na botte zake. Akasema shona, mara mbili. Nikashona. Akasema mudogo wake, kama angali hai, yuko upande wa mbele ya ile musitu, na batu bote bamemutafuta kwa nyuma, bakifuata nyayo zake toka Butembo. Yeye atazunguka Beni, apite Mabalako, ashike njia za miguu mu musitu, atokee Manguredjipa kwa ngambo ingine. Akutane naye uso kwa uso. Nilimuambia ile ilikuwa kiko ya tumbaku. Nilimuambia ile ilikuwa shamba moja ya maharagwe na mugezi moja. Metresi naye akafika, akamusihi kwa jina ya Mungu. Alitusikiliza na heshima yote.

Nilimusindikiza paka Beni. Ni kitu yenye nilijua kufanya. Tulipanda camion, juu ya magunia, na kwa kila barrière ya baaskari alikuwa anashuka na koti ya mudogo wake kwa mukono, ata jua ikiwa kali. Beni ni joto. Mimi mutu wa milima, nilikuwa natoka jasho sawa mwizi. Tulikula mandizi na maharagwe kwa mama moja pembeni ya njia, na nikajaribu tena, polepole, nikisema jeu yetu haijaisha, mududu hajauawa, ile ukurasa ingali mweupe.

"Mutaiandika na metresi."

"Mimi sijue kuandika vizuri, unajua."

"Mutasema, yeye ataandika." Akapanguza mikono. "Mama yenu, ile siku, alichoka?"

"Alichoka. Alikuwa anapumua sawa mbuzi."

"Mais alifika mbele."

"Alifika."

Akaitikia na kichwa, sawa mimi nilikuwa naitikiaka. Akasimama, akatupa koti kwa bega. Hakunipa mukono, sababu kwetu kuagana sana ni kuita matanga. Akashika njia ya Mangina, yenye inafika Mabalako, kati ya miti ya mingazi, na mwendo ya mutu anaenda kuangalia shamba yake na kurudi. Niliangalia botte. Uzi ilikuwa imeshika.

Nilihesabu hatua kumi. Nikahesabu kumi na mbili. Kisha nikaita. Mimi, mutoto wa mama yangu, nilisimama pembeni ya njia nikamuita kwa jina lake, mara mbili, na yule mama wa mandizi akaacha kijiko, akaniangalia sawa mutu amekufuru. Nilitafuta na macho fasi ya kukata, shamba ao mugezi, nimutokee mbele. Beni siijui. Yeye aliinua mukono wenye koti, juu kidogo, hakugeuka, akaendelea paka mingazi ikamufunika, na hakurudia.