Vikombe Visivyo na Mikono

Mama Hiral akishika sahani haitazami kwanza. Huigonga kwa ukucha, akatega sikio, ndipo aseme imetoka wapi. Jina lake hasa ni Prabha, ila pale Iringa mjini wanaomwita hivyo wamebaki wachache. Miaka hamsini na sita amekaa nyuma ya kaunta ya duka la vyombo, tangu alipoletwa kutoka Mbeya akiwa bibi harusi wa miaka ishirini. Na huko Mbeya alikulia dukani kwa baba yake, Mzee Anil, aliyeuza vyombo vilevile. Mumewe alipofariki, binti yake Hiral alimsihi ahamie kwake Dar. Alikwenda, akakaa wiki tatu, akarudi. Alisema kule hakuna mtu wa kubishana naye.

Asubuhi moja ya Juni, baridi imeshika mji, akaingia Lea Kalinga amekumbatia boksi. Lea ni mwalimu wa akiolojia chuo kikuu, na tangu utoto alikuwa akitumwa dukani hapo kununua bilauri.

"Shikamoo, Mama Hiral."

"Marahaba, mwanangu. Umevunja nini tena?"

Lea akacheka, akafunua boksi. Limejaa vigae, vipande vya vyombo vilivyovunjika. Alivifukua karibu na Igowole, palipokuwa na makazi ya Wagiriki waliolima pareto zamani. Nyaraka zilisema nyumba yao ilijengwa mwaka 1952. Yeye alitaka kuvisikia vigae vyenyewe.

"Vigae vina mdomo?"

"Vinao, mama. Wagiriki wa kale kabisa walivuka bahari wakaanzisha miji ugenini, Sisilia na kwingineko. Mingi haikuachiwa tarehe. Sisi tunaijua kwa vikombe. Umbo la kikombe hubadilika kila baada ya miaka, kwa hiyo ukikuta kipande chini ya ukuta, unajua ukuta haukujengwa kabla ya kikombe kile kufinyangwa."

Mama Hiral akavuta kigoda, akaketi.

"Lakini mtu hatupi kikombe siku anayokinunua. Mama mkwe wangu alinywea kikombe cha harusi yake miaka arobaini. Ukikifukua utasema alikufa bibi harusi?"

Lea akakiri kwamba maprofesa wanagombania jambo hilo mpaka leo. "Kigae kinatuambia 'si kabla ya hapo' tu. Muda gani baada ya hapo, hakisemi."

"Basi nipeleke nikaone."

Jumamosi wakaondoka na chupa ya chai na kachori za kutosha kulisha kijiji. Nyumba ya Wagiriki ilibaki msingi na sakafu ya baraza katikati ya misonobari. Lea na wanafunzi wake walikuwa wamekata saruji upande mmoja, na chini yake, mahali ambapo hapakuwahi kuguswa, walikuta nusu ya kikombe cheupe chenye mstari wa buluu.

"Mkono wake ulivunjika," Lea alisema akimpa.

Mama Hiral akapitisha kidole gumba pale mkono ulipokuwa. Akarudia.

"Hapa hapakuachwa hivihivi," alisema. "Pamesuguliwa. Kasha zima lilifika Mbeya vikombe vimekatika mikono. Baba hakutupa hata kimoja. Alikaa uani wiki nzima na jiwe la kunolea, anasugua vishina vya mikono, mimi namwagia maji. Kisha akavipanga mbele ya duka, akatangaza mtindo mpya. Watu walivigombania! Vilipokwisha wakawa wanauliza vingine vinakuja lini."

"Mwaka gani, mama?"

"Mama alikuwa hospitali, amejifungua mdogo wangu. Ndiyo maana nikawa mimi wa kumwaga maji." Akatoa simu, akampigia mdogo wake Mbeya palepale. "Wewe ulizaliwa lini?"

"Machi hamsini na saba," sauti ikajibu. "Kwani leo ndiyo umekumbuka zawadi?"

Lea alikuwa ameshapiga magoti kwenye udongo, anaandika. Nyumba labda ilikuwa ya 1952, lakini baraza hili lilimwagwa baadaye, si kabla ya 1957. Alifurahi mpaka akamkumbatia Mama Hiral kwa mikono yenye matope.

"Nitakichukua," Mama Hiral alisema, kikombe kimo kiganjani.

"Haiwezekani, mama. Ni mali ya serikali, kinaenda stoo ya mambo ya kale."

"Ni cha baba yangu!"

"Alikiuza, mama."

Mwenye duka akamtazama. Halafu akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yakaendelea kidogo hata kicheko kilipokwisha. Akakifuta kigae kwa upindo wa sari, akakirudisha. Kisha akamimina chai.

Miezi miwili baadaye Lea alimletea ripoti ili aikague kabla haijatumwa. Jina lake lilikuwamo, na maelezo ya jiwe la kunolea, na umri wake, miaka sabini na sita. Mama Hiral alisoma taratibu, miwani puani, akaomba kalamu.

"Tarehe ya baraza iko sawa," alisema, huku akipiga mstari juu ya ile sabini na sita. "Hii nyingine haiwahusu."