Blanketi la Wageni

Leo nimemwona mama yangu akitetemeka mpaka kitanda kikatikisika.

Asubuhi, kabla ya upasuaji, nesi alituambia tumfunike vizuri kwanza, kwa sababu dawa ya usingizi hupoza mwili.

Nikataka kwenda nyumbani Shieywe kuchukua blanketi zito lililo sandukuni.

Mama akakataa. "Hiyo ni ya wageni! Shuka inatosha."

Nikamtii. Hapo ndipo nilipokosea.

Alipotoka chumba cha upasuaji, meno yake yalikuwa yanagongana. Kila akitetemeka mshono ulimuuma, naye akalia. Mama yangu huwa halii.

Nesi akamfunika kwa shuka mbili alizopata, kisha akaniuliza, "Na blanketi iko wapi?"



Nikapanda boda mbio, nikatoa blanketi sandukuni, nikarudi nalo likinuka dawa ya nondo. Nikamfunika mama.

Polepole akatulia. Akafungua macho, akalipapasa.

"Nani ametoa blanketi ya wageni?"

"Ni mimi, mama."

"Utaifua kabla hujairudisha."

Nitalifua. Kulirudisha sandukuni, hapana.

Kwenu je, ni nini kimefungiwa kikingoja wageni?