Mjomba Aliyeng'oa Paa Letu

Taabu ilinianza mwaka 1974, nikiwa na miaka minane. Ilikuwa Operesheni ya kuhamia vijijini. Sisi tulikuwa na mji wetu peke yetu upande wa Kishapu, umezungushiwa minyaa, na kaburi la bibi mzaa mama likiwa karibu na zizi. Asubuhi moja likaja lori na mgambo. Aliyepanda juu ya nyumba na kuanza kung'oa nyasi za paa alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja.

Mama akamwuliza, "Umeanzia kwangu?"

"Nikianzia kwa mwingine watasema nimekupendelea."

Tukapakiwa pamoja na kuku, tukaenda kushushwa porini penye vigingi vitupu, tukaambiwa hiki ndicho kijiji.

Shule niliishia darasa la pili, wala sioni haya kusema. Nimepika wali maharage kwenye kambi za wachimbaji kuanzia Runzewe mpaka Geita, na mwanamume aliyetaka kula bure alikula matusi. Leo wenye digrii wanalala kwenye nyumba yangu ya wageni na funguo nagawa mimi.

Mmoja wao alikuwa mhandisi wa mgodini, mweusi kama mimi, kwao ni kisiwa cha Grenada, kule ng'ambo, upande wa Amerika. Siku moja ya mwezi wa kumi alikataa chai, akasema leo kwao ni msiba. Baada ya siku sita akaniomba kuku, akasema leo kwao ni sikukuu ya kumshukuru Mungu.

"Wewe baba una dini ngapi?" nikamwuliza.

Akacheka, akanieleza kwa Kiswahili chake cha mgodini. Zamani, miaka ya themanini, wanamapinduzi wao waligombana wenyewe kwa wenyewe, kiongozi akauawa na wenzake. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakaingia. Bibi yake hulia tarehe ile ya kwanza, na ile ya pili huvaa kofia akaenda kanisani kushukuru. Jirani yake hulia zote mbili, anasema tulivamiwa. Wawili hao wamepakana ukuta, na wakati wa kanivali, ngoma zao za barabarani, wanasikiliza nyimbo zilezile zinazowasema wakubwa wa siku hizo.

"Na hao waliouawa mmewazika wapi?"

"Mama, hatujui. Mpaka leo miili haijaonekana."

Nikaweka birika chini. Maana na sisi kaburi la bibi lilikuwa limepotea. Tulipohamishwa minyaa iling'olewa, pamba ikalimwa pale pote. Mama yangu alifariki akiliulizia. Aliyebaki hai anayelijua ni mmoja tu, mjomba, kwa kuwa alisaidia kulichimba. Na mjomba alikuwa haongei na watu.

Sababu ni ngoma. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno makundi mawili hushindana, Wagika na Wagalu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Silaha ya kuvutia watu ni wimbo wa kusema mtu. Wakamtungia mjomba wimbo: amepanda paa kama paka, nyasi za dada kafanyia godoro. Ukapendwa, ukaimbwa miaka yote. Ngoma ikilia, yeye anafunga mlango. Tulidhani tunakumbuka Operesheni, kumbe tunamfukuza mwenye habari zake.

Mwezi wa saba uliofuata nikamchukua mgeni wangu tukaenda kwa mjomba, siku ya ngoma yenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

"Bado, naona una meno mawili. Vaa, twende uwanjani."

"Wataniimba."

"Wameshakuimba miaka hamsini! Aliyeimbwa hujibu, ndiyo desturi yetu. Wewe umejibu lini?"

"Sauti sina, ng'wanone, mwanangu."

"Juu ya paa ulikuwa nayo."

Mgeni akachuchumaa mbele yake. "Babu, kwetu waliojua miili ilipo walinyamaza. Wengine wamekufa na siri hiyo. Sisi tunachimba ovyo ovyo."

Mjomba akamtazama, akanigeukia. "Huyu naye ni Msukuma wa wapi?"

"Wa baharini."

"Anachuchumaa vizuri. Nipe fimbo yangu."

Uwanjani walipomwona wakauanzisha wimbo kwa nguvu zote. Mjomba akaingia katikati ya vumbi, akanyoosha fimbo, wakanyamaza. Akaimba kwa sauti ya bawaba kavu: "Paa la dada niling'oa mimi. La kwangu niling'oa kesho yake. Mke wangu akanichapa mwiko, kovu hili hapa!" Akainamisha kichwa na kukionyesha.

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Wazee wakaanza kukumbushana, kweli bwana, hata lake liling'olewa! Wagalu wakambeba juu wakidai ni mtu wao, Wagika wakamvuta mguu. Siku hiyo mshindi hakujulikana.

Kesho yake nilimwuliza kaburi la mama yake, akatupeleka mahame, palipokuwa mji wetu. Alianzia kwenye jiwe la kusagia lililozama ardhini, akahesabu hatua kwa sauti. Tukachimba, hamna kitu. Akasema hatua zake zimefupika, akaanza upya, tukakosa tena. Mwenye shamba akawa anatucheka. Mara ya tatu jembe likagonga mawe, yamepangwa duara.

Mjomba akaketi chini. "Mama," akasema, "nimemleta mjukuu wako. Umesubiri kidogo."

Mgeni alikuwa ameshavua viatu. Nikamwuliza nani kamwambia avue. Akasema hakuna, ila kwao bibi yake hajapata kaburi la kuvulia.

Nimelizungushia kaburi minyaa mipya, na mwenye shamba nimempa ng'ombe jike kwa kipande hicho.

Nilicho nacho leo ni hiki: nyumba ya wageni Geita, vyumba kumi na viwili, kumi vina choo ndani. Mgahawa mmoja. Mashine ya kukoboa mpunga. Ng'ombe ishirini na sita, punda wawili. Ekari nane za dengu. Watoto watano, wote wamesoma kunishinda na wote wananiogopa. Kipande cha ardhi Kishapu, hatua kumi na tano kwa kumi na tano, chenye kaburi la bibi yangu. Na mjomba, anakaa kwangu chumba namba moja, analalamika kwamba bati lina joto.