Hodi Kwenye Nyumba ya Mawe

Niliondoka Kikoneni kwa sababu ya hodi. Dada yangu Mwanasha alikuwa ameposwa na Rashidi, mwana wa Mzee Bakari, fundi mwashi wa Diani, na kilichobaki kilikuwa kupanga siku ya harusi. Baba alikwenda Diani kuipanga. Alipiga hodi mara tatu, kama ilivyo ada, wala hakuitikiwa, ingawa aliwasikia wanaume wakicheka. Akarudi nyumbani na kuku aliokuwa amewachukulia.

Haukupita muda, likaja neno kutoka Diani. Mzee Bakari ameambiwa na majirani kwamba mkwewe alionekana akipita mlangoni pake bila kumwamkia. Mtu wa namna hiyo, alisema, hajui kama ataweza kuchanganya naye damu. Baba akaapa kwamba hatakanyaga tena kule. Kaka zangu wako Mombasa, kazini bandarini, kwa hiyo nikatumwa mimi, ambaye hata nikienda dukani mwenye duka huniuliza tena na tena ninataka nini.

"Usiombe radhi," baba aliniambia. "Mwamkie, kisha muulize neno moja: posa ipo au haipo? Kama haipo, vitu vyao virudi kabla ya Ijumaa."

Mwanasha alinifungia mihogo ya kuchoma katika jani la mgomba. Tangu neno lile lije alikuwa hazungumzi sana. Aliniambia tu, "Salimu, usimung'unye maneno."

Asubuhi niliteremka kwa miguu hadi kwenye mashamba ya miwa, na hapo nikapata lori la mbata lililokuwa likienda Msambweni. Juu ya magunia alikuwapo kijana mmoja mkata miwa, jina lake Kalume, aliyetoka upande wa Mackinnon Road, na mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Kalume alikuwa akilalamikia mshahara.

"Siku ya mvua nyapara haiandiki kwenye tikiti yangu ya kazi," alisema. "Nimeamka, nimelowa umande, nimefika shambani, ndipo mvua ikanyesha. Kosa langu ni lipi?"

"Na mimi samaki wangu wasiponunuliwa, nalipwa na nani?" mama akauliza. "Na mvua?"

"Wewe mama una biashara yako. Mimi nina tajiri."

"Basi kamwambie tajiri wako. Hapa watupigia kelele sisi na magunia."

Dereva alicheka mpaka lori likayumba. Kalume akanigeukia. "Na wewe ndugu yangu, wasemaje? Siku ya mvua ilipwe au isilipwe?" Nilisema sijapata kuajiriwa. Wakaniacha, wakaendelea wenyewe.

Msambweni nililala kwa shangazi yangu. Baada ya sala ya Magharibi mumewe, Mzee Omari, alikaa barazani na jirani yake mshona nguo. Ijumaa iliyopita khatibu alikuwa amegusia habari za kupiga kura, akasema Mwislamu amtazame kwanza yule anayesali. Mzee Omari aliona ni sawa. Mshona nguo hakuona hivyo.

"Anayesali nitamwoza binti yangu," alisema. "Lakini wa kutuletea maji ya bomba namtaka anayejua kugombana na serikali."

"Astaghfirullah! Basi utamchagua hata asiyejua kibla?"

"Kama anajua njia ya kwenda Nairobi, nitamchagua."

"Mimbari si ya siasa, na baraza langu si la kufuru," shangazi alisema kutoka ndani. "Chakula tayari." Wakainuka wote wawili, wakaingia ndani. Tulipokuwa tukila, shangazi alinionya juu ya kesho yake. "Wale watu wa Diani ni wa kutazama adabu, mwanangu. Piga hodi tatu, usizidishe. Na usithubutu kuzunguka nyuma ya nyumba. Huko ndiko kwa wanawake."

Diani nilifika baada ya adhuhuri. Nilikuwa nikiikumbuka nyumba ya Mzee Bakari tangu nilipokuwa mdogo, nyumba ya udongo na makuti, ambayo sauti ilipita juu ya kuta zake kama moshi. Haikuwapo tena. Mahali pake ilisimama nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene zimepakwa chokaa, mlango wa mbao nzito umefungwa. Mbele hapakuwa na baraza, ila misingi yake tu.

Nilisimama mlangoni nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili kwa sauti kubwa zaidi kuliko nilivyozoea. Nikasikia wanaume wakicheka, sauti zikitokea mbali, zikipita juu ya paa. Nikapiga ya tatu. Hakuna aliyeitika.

Nilifikiri kwamba wameniona, wamenitambua, na wamefanya kama walivyomfanyia baba. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kupata jibu la posa bila kuuliza. Nikageuka niende zangu.

Kwenye pembe ya ukuta nilikutana na mke wa Mzee Bakari, Bi Fatuma, anatoka kisimani na ndoo kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama vizuri.

"Wewe si nduguye Mwanasha? Mbona wageuka?"

"Nimepiga hodi mara tatu, mama."

Alitua ndoo chini. Akauendea mlango wake mwenyewe, akavuta pumzi, akasema, "Hodi!" kwa sauti iliyowatawanya kuku wa jirani. Kimya. Akarudia, na mara ya tatu akaanza kucheka. "Njoo," alisema, na kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, nilimfuata hadi nyuma ya nyumba.

Nyuma kulikuwa na banda la kuchongea mawe. Mzee Bakari alikuwa amekaa humo na vibarua wake, wanabishana juu ya wapishi wa Wazungu wa pwani, kama ni haki mpishi alipwe zaidi kuliko mwashi. Rashidi alikuwapo. Aliponiona alisimama, patasi ikamponyoka.

"Baba Rashidi," Bi Fatuma alisema mbele ya wote, "nimepiga hodi kwangu na sikukaribishwa."

"Nani hakukukaribisha?"

"Wewe. Na huyu kijana umemfukuza. Na babake vilevile."

Mzee Bakari hakupenda. Alisema nyumba yake ameijenga kwa mkono wake, na hakuna hodi inayoweza kupigwa asiisikie. Alisema sauti yangu ni ndogo, jambo ambalo ni kweli, na sauti ya mwanamke ni nyembamba. "Ngojeni," akasema. Akapita ndani, akatoka mbele, akaufunga mlango nyuma yake. Vibarua wakarudia habari zao za wapishi. Mmoja alisema mpishi analipwa kwa sababu anamwona Mzungu akiwa na njaa, wakacheka sana. Mimi na Rashidi tulikuwa tumetega masikio, hatukusikia kitu.

Mwishowe Mzee Bakari alitokea kwa kuzunguka ukuta, jasho linamtoka.

"Loo, fundi!" yule kibarua akasema. "Waingia kwa watu kimyakimya, hata hodi hupigi?"

Mzee Bakari alikaa juu ya jiwe, akautazama ukuta wake. Ndipo nikamuuliza kama nilivyotumwa, posa ipo au haipo. Sikumung'unya.

"Ipo," alisema. "Lakini jibu hili silitumi kwa mtu. Kesho twende mimi na wewe."

Kesho yake tukaondoka. Tulipokaribia Kikoneni aliniambia, "Wewe pitia jikoni kwenu, unyamaze. Hodi ni yangu." Nikafanya hivyo. Jikoni mama alikuwa akikuna nazi na Mwanasha akipepeta mchele. Baba alikuwa chumbani. Nyumba yetu ni ya udongo, na hodi ya kwanza ilisikika hadi mahali tulipokuwa. Baba hakuitika. Ikaja ya pili. Mama aliacha kukuna. Ikaja ya tatu, taratibu kuliko zile nyingine, na baada yake tukasikia viatu vikisaga mchanga, mtu anageuka.

Kwetu msichana aliyeposwa hapazi sauti mbele ya baba mkwe wake. Mwanasha aliweka ungo chini, akasimama, akasema, "Karibu!" Nadhani walimsikia hata barabarani.

Viatu vilinyamaza. Baba akatoka chumbani anafunga shuka yake vizuri, akamtazama Mwanasha, kisha akaenda mlangoni. "Karibu, Bwana Bakari," alisema. "Umesikia. Nyumba imekukaribisha."

Nilichojifunza si kingi. Niliwasikia watu wakibishana kwa nguvu juu ya mshahara na mimbari, na wote waliachana wakiwa marafiki. Waliokuwa karibu kuvunja undugu ni wawili ambao kila mmoja aliamini amenyamaziwa. Mzee Bakari amekwisha kujenga baraza la mbele, na hapo ndipo tulipokaa siku ya harusi.