Debe Juu ya Mita

Mama Vifaranga hakuwahi kumwamini mtu anayecheka kabla ya kujibu. Mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa mtu wa aina hiyo hiyo, na juu ya hilo alifanya kazi kwenye shirika la umeme. Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Jina la Vifaranga alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Chumba cha nyuma alikuwa amekigeuza chumba cha mayai. Ndani yake kulikuwa na mashine kubwa ya mbao ya kuangulia, yenye balbu na feni ndogo, ikinguruma mchana na usiku. Watu walimletea mayai, wakarudi kuchukua vifaranga. Mumewe alipofariki, mashine hiyo ndiyo iliyomsomesha binti. Kwa hiyo aliyegusa umeme wa nyumba ile alimgusa mwenye nyumba mboni ya jicho.

Basi mtaa ukaingiliwa na sola. Kila aliyejiweza alipandisha paneli zake juu ya paa, na jua likiwa kali umeme ulizidi, ukarudi kwenye waya za barabarani. Waya za zamani zilizoea kuleta tu, kupokea hazikujua. Shirika likabadilisha nguzo, likabadilisha transfoma, mwisho likaingia majumbani kubadilisha mita. Nyumba ya Mama Vifaranga ikaangukia mikononi mwa mkwe.

"Hii, mama, haihitaji mtu wa kuja kuisoma," mkwe alisema akikaza skrubu. "Inatuma habari ofisini yenyewe."

"Habari gani?"

"Za umeme tu. Upo, umekatika, unatumika kiasi gani."

"Inasikia?"

Mkwe akacheka. Baada ya kucheka ndipo akasema haisikii, lakini kicheko kilikuwa kimeshatangulia, na Mama Vifaranga alikiweka moyoni.

Tangu siku hiyo hakuzungumza tena jambo la maana koridoni. Mita ya zamani ilikuwa bubu, naye alimpenda bubu wake. Hii mpya ilikuwa na kijitaa cha kijani kinachokonyeza, na mjane mwenye heshima zake hapendi kukonyezwa ndani ya nyumba yake. Akipita pale alikaza shingo na kutazama mbele.

Siku moja binti na mumewe walikuja kumsalimia. Walikuwa wanakunywa chai, mkwe akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama, juzi asubuhi ulizima mashine. Ulikuwa unaisafisha?"

Ni kweli alikuwa anaisafisha. Lakini hakumwambia mtu. Alimtazama binti yake, binti akatazama kikombe.

"Umejuaje, baba?"

Mkwe akacheka. "Nimebahatisha tu, mama."

Kubahatisha! Walipoondoka, Mama Vifaranga hakungoja hata kutoa vikombe. Alichukua debe tupu la bati, la mafuta ya kula, akalikata upande mmoja, akaivika mita kuanzia kichwani, kisha akalibana kwa waya. Kijitaa kikapotea. Akajipangusa mikono, akaenda kulala usingizi wa mchana.

Dawa ilifanya kazi. Mkwe hakuuliza tena habari za mashine. Hata kuja akapunguza, na simu zake zikawa za kuhesabu. "Ameumbuka," Mama Vifaranga alimwambia jirani yake, fundi cherehani. "Unamwona? Kimya."

Kisha ikaja asubuhi ya upepo na manyunyu, mashine ikanyamaza katikati ya mngurumo. Mayai yalikuwa yamefikia siku zake. Ukiweka sikio ulisikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Mama Vifaranga alitoka nje mbio. Kwa fundi, cherehani ya umeme ilikuwa inakimbia. Nyumba ya pili redio ilikuwa inaimba. Mtaa mzima una umeme, yeye peke yake hana.

"Amenikata," alisema. "Amekaa zake kwenye kiti, akabonyeza kitufe, akanikata."

"Mama, mpigie mkwe wako," fundi alimsihi.

"Nimpigie fisi nimuulize mbuzi wangu yuko wapi?"

"Basi piga namba ya shirika."

"Hao si ndio fisi wenyewe!"

Akawasha jiko la mkaa, akafungua dirisha kwa sababu ya moshi, baridi ikaingia hapo hapo. Akaifunga mashine kwa mablanketi, akajaza chupa maji ya moto. Alihangaika kutwa nzima, na kutwa nzima simu ilikuwa mfukoni. Hakutaka kumpa yule kijana raha ya kumsikia akiomba. Kufikia jioni, sauti ndani ya maganda zilikuwa zimepungua. Alijiambia wamelala.

Kesho yake fundi hakuvumilia, akampigia binti. Mkwe akafika na ngazi, akapanda nguzo. Upepo ulikuwa umelegeza kiungo cha waya unaoingia nyumba ile tu. Akakikaza, mashine ikanguruma. Mama Vifaranga akaweka sikio kwenye mayai. Hayakuwa na sauti hata moja.

"Umefurahi?" alimuuliza mkwe koridoni. "Umenikomesha."

Mkwe alikuwa anatazama debe. Safari hii hakucheka. Alilifungua waya taratibu, akalishika mikononi.

"Ni kweli nilikuwa nakuchungulia, mama," alisema. "Nikifika kazini, kabla ya chai, naitafuta nyumba hii kwenye kompyuta. Nikiona mita inasoma, najua mayai yana joto. Si kazi yangu, na wakubwa wakijua watanifokea. Siku mita iliponyamaza, nikajua umeifunika kwa bati, habari zake hazipiti. Nikaona aibu, nikaacha. Ofisini wanaihesabu mita mbovu inayongoja zamu ya kutengenezwa. Jana umeme ulikatika na hakuna aliyejua."

Mama Vifaranga alilitazama lile debe mikononi mwa mkwe. Miezi yote ile alikuwa amepatia. Kweli alichunguliwa. Hakuwaza tu kwamba mtu anaweza kumchungulia mwenzake kwa kumpenda.

"Sitarudia, mama," mkwe alisema. "Ulikuwa na haki yako."

Neno lilimfika kwenye meno: rudia, mwanangu. Alilitaka litoke. Kilichotoka ni, "Ngazi yako inanichafulia ukuta."

Mkwe akaomba radhi, akabeba ngazi, akaenda.

Sasa mashine ina mayai mapya. Debe amelitupa, na kijitaa kinakonyeza kama zamani. Kila asubuhi, saa ambazo watu wa ofisini hufika kazini, Mama Vifaranga huizima mashine. Hukaa karibu nayo, simu mapajani, akingoja mtu ampigie kumuuliza kama anaisafisha. Simu haiiti. Basi huiwasha tena haraka, mayai yasije yakapoa.