Evodio na Sinema ya Mtaani Kwetu

"Hawatoki jasho!" Evodio alisema, tena kwa sauti ya kuwafikia waliokaa mbele kabisa. "Wanaume wazima wanaiba gari la fedha mchana wa jua kali, wamevaa suti nyeupe, na hakuna hata kwapa moja lililolowa!"

"Kaa chini, mzee, unatuzibia."

"Sinema imekwisha. Nawazibia nini, majina ya wapishi?"

"Hayo hayo tunayataka! Toribio wa viatu ameahidiwa jina lake litatokea."

Basi ukumbi mzima wa soko ukamzomea. Sinema ile ilirekodiwa kwenye mtaa wetu wa Obrera, hapa hapa jijini Mexico, na wenye sinema walituahidi kwamba ikiwa tayari watatuletea tuione bure. Wakaileta kweli. Watu walikaa juu ya makreti ya nyanya, na kila mtu alipouona mlango wake kwenye pazia la sinema alipiga kelele kama ameliona jeneza likifunguka. Evodio ni kaka yangu. Nilimvuta kwa mkono wa shati ndipo akakaa.

Kwa miaka mingi alikuwa mlinzi wa gari la kusafirisha fedha. Mwezi mmoja wa Januari, wezi walilivamia gari lao. Mwenzake Wenceslao alikufa pale pale kwenye kiti. Evodio akatoka hana hata mkwaruzo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuwepo tu. Ukimpa chakula anakula, ukimsahau hakukumbushi. Mbwa wake aliyekaa naye miaka yote alipokufa, alimfunika kwa gunia, akarudi kumenya chungwa lake. Hanuni, halii, hasemi anaumwa. Ningemkuta amelewa ningefurahi.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinamsumbua, nacho ni tamale, ule unga wa mahindi unaofungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Kila tarehe sita ya Januari, sikukuu ya Mamajusi, huwa tunakata mkate wa Wafalme, na ndani yake kuna kidoli cha plastiki. Atakayekipata kwenye kipande chake lazima awalishe wenzake tamale ifikapo sikukuu ya Kandelaria, mwanzoni mwa Februari. Ndiyo maana hapa kwetu hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kukificha kile kidoli mdomoni. Mwaka ule Evodio alikipata kazini, mbele ya walinzi wenzake, akakisukumia shavuni na kuendelea kutafuna kama malaika. Wenceslao akambana mataya mpaka akakitema. Wakacheka mpaka mkubwa wao akaja kuuliza kuna nini. Evodio akaapa: tamale atapika yeye mwenyewe, hatanunua.

Kandelaria haijafika, Wenceslao tukamzika. Tamale hazikupikwa. Na Obdulia, mjane wake, anakaa mtaa wa pili tu kutoka kwetu, lakini kaka yangu akiagizwa mkate huzunguka njia ya duka la dawa ili asipite mlangoni kwake. Miaka tisa anazunguka. Nilimfokea, "Kampikie tu yakuishe!" Akanijibu, "Ndiyo sababu siendi. Nikishampelekea, itakuwa yamekwisha." Jibu gani hilo, sijui. Nikaacha.

Turudi kwenye makreti. Nilimwambia, "Watu wamepewa cha bure wewe unatukana. Hakuna hata kimoja kizuri?"

"Vipo," akasema. Alikuwa anavitaja kama mtu anayehesabu nguo za dobi. "Rangi nzuri. Usiku wao unapendeza kuliko usiku wetu. Yule dereva anaijua kazi, kona ya duka la matairi mimi ningegonga ukuta. Na mlango wa gari la fedha unalia vile vile ulivyokuwa unalia wa kwetu. Hapo walimuuliza mtu anayejua."

"Sasa?"

"Sasa mtaa mzima kimya. Yule mnunua vyuma chakavu anayepita hapa kila siku na kipaza sauti chake kaenda wapi, kafa? Na yule mkubwa wa wezi, mjanja wa kuwashinda polisi wote, anampa ramani mwanamke aliyekutana naye kwenye lifti. Kwa sababu ya viatu vyake!"

"Vilikuwa viatu vizuri," akasema Toribio.

"Na walinzi," Evodio akaendelea, sauti ile ile. "Wawili. Wanaanguka hata hatujakaa vizuri, kamera inakimbilia suti. Hawana hata majina. Mmoja alikuwa anakula mkate. Hawakumwacha ameze."



"Mimi nimeipenda," ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa Obdulia. Hatukujua kama yumo. Amekaa na koti lake mapajani, mfuko wa karanga mkononi.

Evodio aligeuka polepole. "Umeipenda?"

"Sana. Wanaume wazuri, magari mazuri. Nimekaa saa mbili hakuna mtu aliyeniuliza naendeleaje. Wewe ulitaka nini, shemeji? Wamwonyeshe Wenceslao? Mimi namwona kila siku, sihitaji pazia. Na angekuwepo hapa angeipenda hiyo sinema kuliko mimi. Angekusumbua na lile gari jekundu wiki nzima."

"Angesumbua," Evodio akasema.

"Wewe hasira zako si za sinema. Unanidai nini mpaka unanikimbia? Maana mimi ndiye ninayekudai."

Kaka yangu aliangalia viatu vyake. Nilidhani ataondoka. Nilikuwa tayari kumshika mkia wa koti.

"Tamale," akasema.

"Za pilipili ya kijani. Na kuku, si ngozi za kuku. Na ukininunulia pale kituoni nitajua."

"Kandelaria bado mbali."

"Ile ya kwako ilishapita, shemeji. Lete Jumapili."

Alipika. Mimi nilimpa sufuria ya mvuke na sikugusa kingine, na haikuwa rahisi, maana aliukanda ule unga wa mahindi kama anachanganya saruji. Maganda aliyafunga ovyo, maji yakaingia, nusu ya tamale zikawa uji. Jumapili alizibeba kwa kitambaa, akapita njia iliyonyooka. Mimi nyuma yake na chupa ya mchuzi.

Obdulia alifungua mlango, akatoa sahani tatu. Alikula ya kwanza. Akala ya pili.

"Chumvi imezidi," akasema. "Na hii nyingine ni ya kunywa kwa bilauri."

"Najua."

"Wenceslao angekucheka."

"Najua."

Akakusanya maganda kwenye sahani moja, akajifuta vidole. "Haya, shemeji. Hunidai, sikudai."

Evodio akatikisa kichwa kukubali, akaomba maji ya kunywa, yeye ambaye kwa miaka tisa hakuomba kitu.